LDL iliyooksidika, vitamini E na mafuta ya makonyo: kipi kinafika kwenye ukuta wa mshipa?

SWALI: Assalamu alaykum, daktari. Mimi ni mama wa miaka 52, niko Wete, nina sukari na presha. Nakaanga bajia na kachori za urojo. Nilipimwa LDL, zile chembe zinazobeba lehemu (kolesteroli) kwenye damu, ikawa 4.6 mmol/L, nikaandikiwa atorvastatini 20 mg ya kuishusha. Baadaye kijana mmoja alinishikisha mashine yake mkononi, akasema mishipa yangu imejaa mafuta yaliyooksidika (yaliyoharibiwa na oksijeni) kwa sababu ya karai langu, akaniuzia vitamini E na kichupa cha mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) cha kuosha mishipa, akanitajia na hijama. Vidonge vya hospitali nimeviacha. Lakini nimesoma pia kwamba kweli mafuta yaliyooksidika ndiyo yanayoharibu mishipa. Niendelee?

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Ulichosoma ni kweli. Ulichouziwa ni jambo jingine kabisa, na usiendelee nacho.

Mafuta yaliyooksidika yanayotajwa kwenye ugonjwa huu si yale ya kwenye karai. Ni yale yaliyobebwa ndani ya chembe za LDL, na yanaharibikia ndani ya ukuta wa ateri, si kwenye damu inayopita. Kwa ndani ateri imetandikwa safu moja tu ya seli, endothelia. Chembe ya LDL ina upana wa takriban nanomita 22. Seli hizo huimeza upande wa damu na kuitema upande wa pili, na kadiri chembe zinavyokuwa nyingi kwenye damu ndivyo zinavyovuka nyingi. Huko chini protini yake, apoB-100, hunasa kwenye proteoglikani, molekuli za protini na sukari zilizomo ukutani, kama samaki aliyeingia demani. Damu ina kinga nyingi dhidi ya kuoksidika. Chembe iliyonasa imeachana nazo. Vimeng'enya na radikali huru (molekuli kali zinazooksidisha) za seli za hapo hapo huanza kuyaharibu mafuta yake. Tangu 1981 inajulikana kwamba LDL ikiwekwa maabara pamoja na seli za endothelia hubadilika, kisha makrofaji, seli za kinga zinazomeza uchafu, huimeza kwa kasi isiyo ya kawaida.

Endothelia nayo haibaki salama. Ina kipokezi kiitwacho LOX-1, kilichotambuliwa 1997, kinachoikamata LDL iliyooksidika. Kikishaikamata, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kutengeneza naitriki oksaidi huenda mrama na kuanza kutoa supaoksidi, mojawapo ya radikali huru, ambayo inaiangamiza hata ile naitriki oksaidi iliyobaki. Bila ya gesi hiyo mshipa haulegei unapotakiwa kulegea, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, hushikamana kwa urahisi zaidi. Wakati huo huo seli huotesha juu yake protini za kunatisha, mojawapo VCAM-1, na kutoa ishara za kuita chembe nyeupe. Monosaiti, aina mojawapo ya chembe hizo, zinanata, zinapenya, zinageuka makrofaji, zinakula. Kipokezi cha kawaida cha LDL hupungua seli inaposhiba lehemu. Vile vinavyopokea LDL iliyooksidika, kama CD36, havina breki hiyo. Seli inajaa mpaka inaonekana povu tupu chini ya hadubini, inakufa, na kumwaga mafuta yake hapo hapo ukutani. Hiyo ndiyo plaki. Kifuniko chake kikiwa chembamba hupasuka, damu inaganda juu yake, na huo ndio mshtuko wa moyo au kiharusi.

Kwako wewe sukari inazidisha, maana glukosi hujishika kwenye LDL na kuifanya ioksidike upesi zaidi. Presha nayo inaichosha endothelia, khasa kwenye njia panda za ateri, pale damu inapozunguka badala ya kwenda moja kwa moja. Plaki hupenda kuanzia hapo.

Sasa hili la kuosha. Plaki haikugandia juu ya ukuta kama masizi ya chungu. Iko chini ya endothelia, ndani ya ukuta wenyewe. Hakuna unachoweza kunywa kikaipita ile safu na kwenda kukwangua. Sigombani na hijama (kuumikwa), watu wanaifanya kwa sababu zao, lakini damu inayotoka pale ni ya kwenye ngozi. Kwenye plaki ya ateri ya moyo haigusi kitu. Na ile mashine ya kushika mkononi haipimi lehemu wala kuoksidika kwake. Hata kipimo halisi cha LDL iliyooksidika, cha damu na maabara, hakitumiki kuamulia matibabu ya kila siku.

Vitamini E inaniudhi zaidi kwa sababu wazo lake lilikuwa la maana. Kwenye chupa ya maabara inazuia LDL isioksidike. Basi ilijaribiwa kwa watu, tena kwa uangalifu. Utafiti wa HOPE, uliochapishwa 2000, uliwapa uniti 400 kwa siku watu walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, wengi wakiwa na kisukari. Washiriki walizidi 9,500 na walifuatiliwa zaidi ya miaka minne. Hapakuwa na tofauti na kidonge kitupu. Uingereza, 2002, zaidi ya watu 20,000: vitamini E 600 mg, vitamini C 250 mg na betakarotini 20 mg kila siku kwa miaka mitano. Hakuna kitu. Katika utafiti huo huo wa Uingereza simvastatini 40 mg, dawa ya kundi moja na atorvastatini yako (statini), ilipunguza mashambulio ya moyo, viharusi na oparesheni za mishipa kwa takriban robo. Watu wale wale, miaka ile ile. Kinamama hamhusiki na hili, lakini waume zenu wanahusika: matokeo ya 2011 ya utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000 yalionyesha kwamba vitamini E uniti 400 kwa siku iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Kwa hiyo kinachofaa ni kupunguza idadi ya chembe zinazovuka. Statini inalifanya ini livute LDL zaidi kutoka kwenye damu, na chembe ambayo haikuingia ukutani haina pa kuoksidikia. Atorvastatini 20 mg hushusha LDL kwa kiasi cha asilimia 40, yaani 4.6 yako itateremka kwenye 2.7 hivi. Mwenye sukari na presha hulengwa chini ya 1.8, kwa hiyo usishangae daktari wako akiongeza dozi au kidonge cha pili. Rudi kwake wiki hii, mwambie ukweli kwamba uliacha, anza tena, kisha upime baada ya wiki 6 hadi 8. Kwa kipimo cha LDL kwa kawaida si lazima ufunge. Misuli ikiuma mwili mzima au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, simamisha na uende hospitali siku hiyo hiyo. Balungi liache, linapandisha kiwango cha dawa mwilini.

Karai lako lina makosa yake, ila si yale uliyoambiwa. Mafuta ya alizeti yanayochemka tena na tena hutoa aldehidi, kemikali zenye sumu, ambazo si za kuzila. Kaanga kwenye nyuzi 170 hadi 180, chuja chenga kila baada ya mkaango, usinyunyize chumvi juu ya mafuta, na usiongeze mapya juu ya yaliyochoka. Yakitoa povu lisilotulia, yakinata kidoleni yakishapoa, au yakianza kufuka moshi kabla ya moto wake wa kawaida, yamwage. Mafuta ya nazi hayaharibiki upesi hivyo, na ndipo watu wanapojidanganya: yanastahimili karai kwa sababu ni mafuta mgando kwa zaidi ya asilimia 80, na mafuta mgando ndiyo yanayopandisha LDL.

Hicho kichupa nacho. Karafuu kwenye pilau haina neno. Mafuta ya makonyo yanayotolewa kwa mvuke kiwandani ni kitu kingine, sehemu yake kubwa ni yujenoli tupu, na ini ndilo linaloibeba. Yujenoli pia huzuia chembe sahani kushikana, kwa hiyo anayetumia aspirini au warfarini, dawa za kuzuia damu kuganda, anajiongezea hatari ya kutokwa na damu. Watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10 tu wameripotiwa kupoteza fahamu na kuharibika ini vibaya. Wanaouza vichupa hivi vya "asili" mara nyingi hawaandiki dozi wala hawafungi kifuniko kigumu. Ukiwa nacho nyumbani, kiweke juu kabatini penye kufuli. Mtoto akishakinywa usimtapishe wala usimpe maziwa. Mkimbize hospitali na kichupa mkononi.