Mteja Hatabadili Simu Yake kwa Ajili ya Jina Lako

Juzi msomaji wa Manyoni kanitumia ujumbe. Ana mashine ya kukamua alizeti, anataka tovuti, na kuna mtu kamshawishi aachane na jina la tovuti linaloishia na .co.tz, la kulipia kila mwaka, anunue "domeini ya maisha", yaani jina la kudumu lililoandikwa kwenye blokcheni (daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja): unalipa mara moja, inakuwa yako mpaka wajukuu. Anauliza, "Kaka, ni kweli au napigwa?"

Kweli ipo, na kupigwa kupo. Naomba nianzie mbali kidogo, maana hili jambo mimi linanihusu.

Natengeneza tovuti hapa Dodoma. Kuna kikundi cha wakulima wa zabibu wa Hombolo niliwatengenezea ya kwao, kwa ajili ya zabibu za mezani na mchuzi wa zabibu wa kutengenezea mvinyo. Ilikuwa ndogo, nyepesi, inafunguka hata kwenye simu ya bei chee mtandao ukiwa wa kusuasua. Simu za wanunuzi zikaanza kuingia kutoka Dar na Arusha. Najisifu? Najisifu, kazi ilikuwa nzuri.

Akaja mhazini mpya. Kwenye kikao akainua ankara yangu ya kuhuisha jina: "Fundi, hivi jina letu wenyewe tunalilipia kodi ya nini?" Watu wakacheka. Muda si mrefu akaletwa dogo mmoja na laptopu yake: hakuna kulipa kila mwaka, hakuna wa kukunyang'anya, hakuna wa kukufungia. Mimi nikashukuriwa kwa mchango wangu, nikapewa soda, tukaagana. Ile soda bado inanikereketa kooni.

Ila dogo hakuwa mwongo, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Majina hayo yapo kweli. Namecoin ilianza mwaka 2011 na .bit yake, ikaja .eth ya ENS mwaka 2017, Handshake mwaka 2020, na kampuni kama Unstoppable Domains wanauza yao ya kulipia mara moja (si yote yako hivyo, .eth hulipiwa kwa mwaka). Jina linaandikwa kwenye daftari la pamoja lisilo na bosi mmoja, na funguo za siri za kulimiliki unazo wewe. Kwa mtu ambaye tovuti yake inawindwa na wakubwa, hiyo ni faida halisi, sibishi.

Tatizo ni simu ya mnunuzi. Ukiandika jina linaloishia na .co.tz, simu inauliza seva (kompyuta ya kujibu maswali hayo) ya mtandao wako, nayo kama haijui inapanda mpaka kwenye mzizi, zile seva 13 zinazoitwa kwa herufi kuanzia A hadi M. Mzizi unasema .tz iulizwe wapi, na kutoka hapo anwani inapatikana. Orodha ya mzizi huo inaratibiwa na ICANN, shirika lisilo la faida, tangu 1998, na karibu kila simu duniani inaufuata. Jina la blokcheni halimo kwenye orodha hiyo. Simu ikiuliza, inajibiwa jina hilo halipo.

Dogo alilijua hilo, ndiyo maana alichapisha kipeperushi. Nilikikuta kimebandikwa kwenye kreti la zabibu pale soko la Majengo. Hatua ya kwanza, pakua kivinjari kingine. Hatua ya pili, nenda kwenye mipangilio ya simu, ingia sehemu ya DNS (pale simu inapoambiwa imuulize nani anwani za majina ya tovuti). Hatua ya tatu, futa kilichopo, andika hii. Chini kabisa kwa herufi nene: USIOGOPE ONYO, ENDELEA. Onyo lenyewe lilitokana na kukosa cheti cha usalama, maana wanaotoa vyeti vinavyoaminiwa na vivinjari hawatoi kwa jina lisilo kwenye mzizi wa kawaida.

Sasa mpe mama mwenye hoteli Area D karatasi hiyo. Huyu ni mtu anayepokea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" kila wiki, na kazi yake yote ni kujifunza kutobonyeza. Alinipigia mimi, kwa sababu namba yangu ndiyo aliyokuwa nayo: "Mwanangu, hawa wa zabibu wamehama, au wameingiliwa na matapeli?" Ilikuwa Agosti, mavuno yamepamba moto. Zabibu hazisubiri mtu abadili mipangilio.

Na mama hakukosea kuogopa. Anayekuelekeza ubadili DNS anakuomba yeye ndiye awe anakujibu kila jina unalotafuta, la benki likiwemo. Mwaka 1997 Eugene Kashpureff, aliyekuwa na mzizi wake mbadala uitwao AlterNIC, yaani orodha yake ya majina nje ya ile ya kawaida, aliwageuza njia watu waliokuwa wakienda kwenye tovuti ya InterNIC, palipokuwa panasajiliwa majina wakati huo, wakajikuta kwenye tovuti yake. Alikuja kukiri kosa mahakamani Marekani. Mwaka 2019 OpenNIC, ambao nao ni watu wa mizizi mbadala, waliacha kutambua .bit kwa sababu ilishakuwa maficho ya waendesha programu hasidi. Na hilo neno "maisha"? Oktoba 2022 Unstoppable Domains walisitisha .coin baada ya kubaini kuwa Emercoin, mradi mwingine wa blokcheni, walikuwa na .coin yao tangu zamani. Jina moja, wenyewe wawili, na hakuna wa kuamua. (Hata .eth haiwezi kuingia kwenye mzizi wa kawaida kirahisi: ETH ni msimbo wa kimataifa wa herufi tatu wa Ethiopia, na misimbo ya nchi ya aina hiyo haigawiwi.)

Ndugu zangu, tuache kupenda vitu kwa sababu ni vipya. Unataka kuaminiwa? Tumia jina ambalo simu ya mteja inalijua bila kuelekezwa. Usimfundishe mteja kupuuza onyo. Usimpe mteja kazi. Nimesharudia, najua, lakini kuna vijana hapa mjini bado wanachapisha vipeperushi.

Wale wa Hombolo walirudi. Jina lao la zamani walidhani limeshachukuliwa, kumbe nilikuwa nalihuisha kwa hela yangu, likionyesha namba ya mwenyekiti tu. Hela hiyo sijarudishiwa, na mhazini hajawahi kuniomba radhi.

Kaka wa Manyoni, chukua .co.tz. Hakikisha imesajiliwa kwa jina la biashara yako na barua pepe yako, wala si ya fundi, hata kama fundi ni mimi. Ya blokcheni kama umeshailipia, iache ilivyo, ila usiichape kwenye lebo za madumu.