Kuchunguza historia ya seppuku: uliza kwanza nani alitoa amri

Kosa kubwa katika utafiti wa seppuku, kujiua kwa samurai (askari wa tabaka la juu la Japani) kwa taratibu maalumu, ni kuichukulia kama desturi moja isiyobadilika. Minamoto no Yorimasa alijiua Uji mwaka 1180 baada ya kushindwa vitani. Miaka 500 baadaye, serikali ya Edo (utawala wa shogun, mtawala wa kijeshi, uliokuwa Edo, Tokyo ya leo) ilikuwa ikiitoa kama hukumu. Kwa kila kisa, andika mwaka, nani aliamua, na familia ilibakiwa na nini.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye mavuno. Mwaka 1701 Asano Naganori, bwana wa eneo la Ako, alimjeruhi Kira Yoshinaka, ofisa wa serikali, ndani ya kasri la Edo. Aliamriwa kujiua siku hiyohiyo, himaya yake ya Ako ikachukuliwa na samurai wake wakabaki bila bwana. Walipomuua Kira kulipa kisasi, nao wakahukumiwa seppuku mwaka 1703. Heshima hapa ilikuwa daraja la adhabu: samurai alifia hukumu ya tabaka lake na kuepuka kifo cha mhalifu wa kawaida. Mkulima hakuwa na nafasi hiyo. Wasomi wa wakati huo walibishana vikali kuhusu hukumu hiyo. Mmoja wao, Ogyu Sorai, aliiunga mkono. Soma mabishano hayo kabla ya tamthilia. Tamthilia ya Kanadehon Chushingura ya 1748 ilikirudisha kisa hadi karne ya 14 na kubadili majina kwa kukwepa udhibiti wa serikali, kwa hiyo usiinukuu kama ushahidi wa mahakamani.

Tarehe nazo huponza. Japani iliacha kalenda yake ya zamani mwanzoni mwa 1873. Shambulio dhidi ya Kira lilikuwa siku ya 14 ya mwezi wa 12, mwaka wa 15 wa Genroku (jina la kipindi katika kalenda hiyo ya zamani). Vitabu vingi huandika 1702, ilhali kwa kalenda yetu ni Januari 1703. Andika zote mbili. Jina la ukoo hutangulia, basi kwenye katalogi mtafute Yamamoto Tsunetomo kwa Yamamoto.

Huyo Yamamoto ndiye mwenye maneno ya Hagakure, kitabu kuhusu maisha ya samurai, yaliyoandikwa kati ya 1709 na 1716, wakati wa amani ndefu. Bwana wake alipofariki mwaka 1700 hakuweza kumfuata kaburini kwa kujiua, kwani serikali ilishapiga marufuku jambo hilo mwaka 1663. Nitobe Inazo naye aliandika kuhusu bushido, yaani maadili ya samurai, kwa Kiingereza, kitabu kikatoka 1900, akiwaeleza wageni. Wote wawili ni mashahidi wa nyakati zao, si wa vita vya karne ya 12.

Mada hii ni nzito, na inastahili kuandikwa bila kukipamba kifo. Ikikulemea, iweke kando uzungumze na mtu wako wa karibu.

Kwa nyaraka, Maktaba ya Taifa ya Bunge la Japani imeweka vitabu vingi vya kale mtandaoni bure. Herufi za maandishi ya mkono ya enzi ya Edo zimeunganishwa kiasi kwamba hata Wajapani wengi hawayasomi. Tafuta kwanza toleo lililopigwa chapa, kisha ulilinganishe na picha ya ukurasa wenyewe.