Tazama kwanza darasa la kwanza
Ndugu, umeuliza kama shule bora ya msingi hutambulika kwa majengo yake au kwa matokeo ya darasa la saba. Mimi ningetazama kwanza darasa la kwanza na la pili, kwa sababu mtoto anayeingia darasa la tatu bila kujua kusoma vizuri huyaona masomo yote kuwa mzigo, hata akiwa na akili nyingi. Ndiyo maana mtaala wa KKK ulioanza Tanzania mwaka 2015 uliyaelekeza madarasa hayo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo, tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wameongezeka mno, na mwalimu mwenye wanafunzi 90, ilhali kiwango kilichokusudiwa ni 45, hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti. Shule nzuri humpeleka mwalimu wake hodari darasa la kwanza, badala ya kumtunzia darasa la mtihani. Ukiitembelea, omba kuona daftari la mtoto wa kawaida, uone kama makosa yake yamesahihishwa na kuelezwa.