Dakika Mbili za Kwanza: Tulivyopanga Mwanzo wa Filamu ya Taharuki Mikindani

Filamu yetu ya kwanza ya shule ilikuwa na kijana anayekimbia. Anakimbia ufukweni Mikindani, huku kwetu Mtwara, anageuka nyuma, anaanguka, anainuka, anakimbia tena. Tulimpaka rangi nyekundu shavuni na kuweka muziki wa kishindo. Nilipoionyesha nyumbani, mdogo wangu wa darasa la tano aliangalia mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Dada, anakimbia nini?" Sikuwa na jibu. Katika kundi letu la watu watano hakuna aliyekuwa nalo, maana tulibeba simu tukaenda ufukweni kabla hatujajiuliza.

Siku hizi nawasaidia wanafunzi wanaopewa kazi kama ile: tengenezeni dakika mbili za mwanzo wa filamu ya taharuki. Karibu kila kundi linaanza na mtu anayekimbia au kisu. Wadogo zangu, wekeni kisu chini kwanza. Chukueni daftari, andikeni sentensi moja tu: mtazamaji anajua nini ambacho mhusika hajui?

Sentensi yetu ya mara ya pili ilikuwa hii: "Mtazamaji anajua kuna mtu ndani ya ghala; karani hajui." Basi. Hapo hapo tukawa na filamu. Mlango wa ghala la korosho unaonekana jioni, kufuli linaning'inia wazi. Mkono unatokea gizani, unauvuta mlango polepole kutoka ndani mpaka unafunga. Kisha anakuja karani, daftari kwapani, anapiga mluzi. Kuanzia hapo hata akisimama kufunga kamba ya kiatu, mtazamaji hapumui. Na mluzi ule hatukuuchagua kwa bahati. Wengi wetu tumekua tukikatazwa kupiga mluzi usiku, eti utaita nyoka, kwa hiyo mtu wa kwetu akiusikia gizani tayari moyo hautulii.

Ule mkono ndio nilioufikiria kuliko kitu kingine chochote. Anayeingia ghalani kwa siri ni nani? Hatukutaka kumwonyesha uso. Lakini sisi ni watu wa korosho, na tunajua mafuta ya ganda lake yanavyobabua. Mtu aliyebangua korosho bila kinga, vidole vyake vinabaki na madoa meusi, na ngozi ya ncha za vidole inabanduka vipande vipande. Tukampaka mwigizaji masizi yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia, tukamwekea gundi kidogo iliyokauka ili ionekane kama ngozi inayobanduka, tukaupiga picha ule mkono kwa karibu kabisa, sekunde nne. Mtu wa Newala au Tandahimba akiuona tu anajua huyu si mgeni, huyu ni mtu wa hapa hapa, labda mkulima anayedai chake. Hakuna neno lililosemwa. Tafuteni kitu cha aina hiyo katika maisha yenu. Kipo, na ni bora kuliko damu ya rangi.

Baada ya sentensi, chora. Dakika mbili ni sekunde 120, na ukizigawa utaona jinsi zilivyo chache. Sisi tulichora visanduku 21 kwa penseli, kila kimoja na sekunde zake pembeni: kufuli 3, mkono 4, miguu ya karani 5. Michoro haihitaji kuwa mizuri. Watu wa vijiti wanatosha, ili mradi uonekane kamera iko wapi na mtu anaangalia upande gani. Hilo la upande lina maana kubwa. Ukishaamua kwamba karani anatembea kutoka kushoto kwenda kulia, kamera ibaki upande ule ule wa njia yake. Ukivuka ukapiga picha kutoka ng'ambo, atatokea anarudi alikotoka, na mtazamaji atachanganyikiwa bila kujua kwa nini. Acha pia nafasi tupu kwenye picha tatu au nne kwa ajili ya majina ya waigizaji. Yakiwekwa juu ya uso wa mtu yanaharibu kila kitu.

Sasa jua. Mwanga mzuri wa taharuki ni ule wa baada ya jua kuzama, kabla giza halijaingia, na huku kwetu unadumu kama dakika 20 tu. Hautoshi kupiga picha 21. Gawanya: picha za ndani ya ghala zipigwe mchana kwa kuziba madirisha kwa mablanketi, na jioni muende mkiwa mmeshafanya mazoezi, mkihitaji picha tano za nje tu. Tena dakika hizo hizo ndizo za adhana ya magharibi. Sisi tulinyamaza, wenye kuswali wakaenda kuswali, na picha za nje tukazimaliza katika jioni tatu. Usijaribu kurekodi mazungumzo wakati ule. Mbali na heshima, sauti ya adhana ukiikata kwenye kuhariri, mkato unasikika.

Kama mandhari yenu ni ufukweni, ulizeni wavuvi. Mara ya kwanza tulipiga nusu ya mbio maji yakiwa yamekupwa, tukarudi kesho yake saa ile ile tukakuta maji hayako tulikoyaacha, kwa kuwa kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kijana wetu akawa anakimbia kwenye mchanga mpana, ghafla yuko ukingoni mwa maji, ghafla mchanga tena. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa zaidi. Maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, ni rahisi zaidi.

Kuhusu simu sina mengi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo ukipiga picha ndani chini ya taa za tyubu, weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo picha itakuwa inapepesa. Bonyeza kioo na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, usije ukabadilika katikati ya tukio. Egemeza simu kwenye gunia la mchanga kama hakuna tripodi.

Sauti ndiyo inayotisha. Rekodi kila kitu upya, karibu: mnyororo, bawaba, kiatu juu ya maganda makavu ya korosho. Rekodi pia ukimya wa ghala lenyewe kwa sekunde 30 kila mtu akiwa ametulia, utautandika chini ya picha zote ili zishikane. Upepo wa kusi ukivuma, funika maikrofoni kwa kipande cha sponji ya godoro. Wimbo wa mtu usiuchukue bila ruhusa, kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sisi tulitumia ngoma moja, ikipigwa mara moja kila baada ya pumzi mbili.

Na ruhusa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali, kwa hiyo mwalimu aulize kwa ofisa utamaduni mapema. Lakini anzeni mtaani. Jioni moja jirani aliona mtu anajificha ghalani akaita watu, na kwa dakika chache nilimwogopea kweli mwenzetu. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa tukitetemeka. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Mngenieleza mapema wanangu, ningewatangazia watu." Kesho yake alitangaza, akaja mwenyewe na kiti, akakaa pembeni mpaka tulipomaliza.

Tulipohariri, kazi ilifika dakika 2 na sekunde 14. Tulibishana sana kuhusu mwisho. Wenzangu walitaka karani ageuke, amwone mtu, apige kelele. Mimi nilitaka tukate kabla. Tukajaribu zote mbili, tukaangalia kila moja mara tatu, na ile sura yake ya kushtuka ikatolewa. Kwa hiyo karani anasukuma mlango, anaingia, mluzi wake unasikika ndani kwa sekunde sita huku tukiangalia mlango tu, halafu unakatika katikati ya noti, na jina la filamu linatokea juu ya giza.