Dole Gumba Si Ridhaa: Maswali ya Watafiti Wapya

Nimeshatoa damu wagonjwa 40 kwa tasnifu yangu. Nipitie wapi nipate kibali cha maadili? – Mwanafunzi wa uzamili, Tudor

Hupati. Kamati ya maadili ya utafiti haibariki kazi iliyokwisha kufanyika. Mweleze msimamizi wako leo, kisha iandikieni kamati pamoja. Na usiguse tarehe ili ionekane kibali kilitangulia. Swali hili naletewa kila muhula, na nyuma yake yuko msimamizi aliyetia sahihi bila kusoma.

Leseni ya NACOSTI (tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi ya Kenya) pekee yatosha? – Changamwe

La. Kamati ya maadili hutangulia, leseni hufuata, kisha ruhusa ya hospitali yenyewe.

Washiriki wangu wa Likoni hawajui kusoma. Wakitia dole gumba si basi? – Muuguzi

Si basi, dada yangu. Msomee mshiriki maelezo kwa lugha yake, Kidigo kikiwa ndicho chake, mbele ya shahidi asiye wa timu yako, naye shahidi atie sahihi. Halafu mgeuzie yeye maswali: damu hii yaenda wapi? Ukikataa, utanyimwa dawa? Akikwama, maelezo yako ndiyo mabovu. Hapa kwetu mama akimwona mtu wa koti jeupe huitikia "ndiyo, daktari" kwa adabu tu, na watafiti wengi wanaichukua adabu hiyo kuwa ridhaa. Huko ni kumdhulumu. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliambiwa wanatibiwa ilhali walikuwa wakitazamwa tu, hata baada ya penisilini kupatikana. Nao pia walikuwa wamekubali. Mrudishie mshiriki nauli, lakini usimpe fedha nyingi kiasi cha njaa kumjibia.

Twatumiana majina na majibu ya vipimo kwenye kundi la WhatsApp. Kuna ubaya? – Kisauni

Upo mkubwa. Futeni leo na mumwarifu msimamizi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Mpe kila mshiriki namba, na orodha ya majina ifungiwe kando.

Profesa ataka jina lake liwe la kwanza, na makala nimeandika mimi. – Mvita

Mwandishi ni aliyefanya kazi na anayeweza kuijibia. Cheo hakiandiki makala. Peleka lalamiko kwa ofisi ya utafiti ya chuo, pamoja na rasimu zako zenye tarehe. Wengine mnaoanza, kubalianeni majina kwa maandishi kabla ya sampuli ya kwanza.