Maswali ya Wasomaji: Ramani Ipi ya Kidijitali Itufae Nje ya Lami?

SWALI: Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Sisi ni watu sita wenye magari mawili yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Mwezi Agosti tunanuia kutoka Nairobi kupitia Kiserian hadi Magadi, kisha Nguruman, na njia ikiruhusu tupande hadi Loita na kurudi kupitia Narok. Mwenzetu mmoja anazo ramani za zamani za serikali zilizoskaniwa; wa pili anasema ramani za bure za simu zinatosha; wa tatu anatuhimiza tununue ramani ya kulipia ya kutia kwenye kifaa cha Garmin. Tuchague ipi? (Msomaji, Lang'ata)

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuuliza bei au jina la programu, ulizeni aliyetengeneza kila ramani aliiona ardhi hiyo lini, na aliipima kwa njia gani. Wenzako wote watatu wana haki, kila mmoja kwa upande wake, kwa sababu ramani hizo zilipatikana kwa njia tofauti kabisa, na kila moja inajua jambo ambalo nyingine hazilijui.

Nianze na zile za zamani, ambazo mimi nazithamini sana. Karatasi za Idara ya Upimaji, yenye makao yake Ruaraka kando ya Barabara ya Thika, zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege na kazi ya wapimaji waliokanyaga ardhi yenyewe, na nyingi zina umri wa miaka hamsini au zaidi. Sehemu za kusini mwa nchi zimechorwa kwa skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1, na kila karatasi hufunika eneo la takriban kilomita 27 kwa 27. Kwingi katika kaskazini kame kumechorwa kwa skeli ya 1:100,000. Barabara zilizomo humo msiziamini, kwa kuwa njia iliyokuwa wazi wakati ule huenda leo imemezwa na vichaka au imezibwa kwa ua wa shamba. Lakini genge halijahama, wala kilima, wala korongo kubwa. Msomeni mwinuko wa nchi kutoka humo. Kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa, zikiwa za kila mita 20, mistari miwili iliyoachana kwa milimita 2 inamaanisha kwamba ardhi inapanda mita 20 katika mwendo wa mita 100, yaani asilimia 20; mistari ikikaribia kugusana, hapo si mahali pa gari. Angalieni pia maelezo ya pembeni, kwani baadhi ya matoleo ya zamani hutoa mwinuko kwa futi.

Ramani hizo zina mtego mmoja, na ningependa mwende mkiujua. Miaka kadhaa iliyopita, katika nchi tambarare ya kusini mwa Magadi, tulisimamisha gari kwenye ukingo wa kaskazini wa korongo la mchanga. Nilikuwa nimeitia karatasi iliyoskaniwa kwenye simu, na nukta ya simu ikatuweka ng'ambo ya pili, kana kwamba tumekwisha kuvuka. Tuliifuata nukta, tukaitafuta njia iliyochorwa upande ule, na tukapoteza saa mbili na maji mengi ya kunywa kwa kuzunguka kwenye miiba. Jioni nilitandaza karatasi yenyewe juu ya boneti, nikapima kwa rula tofauti ya mahali tulipokuwa na mahali simu ilipotuweka: milimita 6, yaani mita 300.

Setilaiti hazikuwa na kosa, na wapimaji wa zamani hawakuwa na kosa. Ramani hizo zilichorwa kwa datumu iitwayo Arc 1960, ilhali GPS hutumia datumu nyingine, WGS84. Datumu ni makubaliano kuhusu umbo la dunia na mahali pa kuanzia kupimia, na makubaliano hayo mawili hayalingani. Ukizichukua namba za GPS jinsi zilivyo na kuziweka kwenye gridi ya karatasi hiyo hapa kwetu, utajiona karibu mita 300 kusini mwa mahali ulipo, na kidogo mashariki. Kwa hiyo aliyeskani ramani za mwenzenu lazima awe ameiambia programu kwamba karatasi ni ya Arc 1960. Hakikisheni hilo kabla hamjatoka mjini: simameni kwenye makutano ya barabara au daraja lililochorwa humo, mtazame nukta inaangukia wapi.

Lipo jambo jingine dogo linalohusu safari yenu hasa. Gridi ya UTM, yaani mfumo wa kutaja mahali kwa mita unaoigawa dunia katika kanda zenye namba, hubadilisha ukanda kwenye longitudo ya nyuzi 36 mashariki, nao mstari huo unapita karibu na genge la Nguruman. Magadi iko katika ukanda wa 37, Loita katika ukanda wa 36. Mkipeana namba za mahali kwa redio kati ya gari na gari, tajeni ukanda pia, au tumieni latitudo na longitudo peke yake.

Sasa ramani za bure. Njia zake nyingi hutoka OpenStreetMap, mradi ulioanza Uingereza mwaka 2004 ambao mtu yeyote anaweza kuchangia, na ambao Nairobi tunaujua vizuri, kwani ni kwa huo vijana wa Kibera waliuchora mtaa wao mwaka 2009 wakati ramani nyingine zilikuwa zimeuacha mtupu. Uzuri wake ni upya wake. Udhaifu wake ni kwamba ubora unategemea ni nani aliyepita. Njia iliyochorwa na mtu aliyeketi mezani akitazama picha za setilaiti yaweza kuwa njia ya ng'ombe.

Kontua zake zina asili nyingine. Programu nyingi huzitoa katika vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, katika safari ya siku 11. Data hiyo ina kipimo kimoja kwa takriban kila mita 30 za ardhi, na lengo lililowekwa lilikuwa kosa la mwinuko lisizidi mita 16 kwa asilimia 90 ya vipimo. Kwa kupanga safari inafaa sana. Lakini korongo lenye upana wa mita 10 na kina cha mita 4, ambalo linatosha kabisa kulizuia gari lenu, hupotea kati ya kipimo na kipimo, na genge kali hulainishwa likaonekana kama mteremko. Programu ikiwaonyesha kontua za kila mita 5 zilizotokana na data hiyo, msidanganywe na wingi wa mistari. Hakuna ujuzi mpya ulioongezwa.

Ramani za kulipia zinastahili bei yake pale ambapo mtengenezaji anakusanya njia zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe. Tracks4Africa ya Afrika Kusini ilijengwa hivyo, na njia inayotokana na magurudumu ya gari naiamini kuliko iliyochorwa kwa kukisia. Lakini msomaji akinunua ramani ya namna hiyo kwa ajili ya mwinuko wa ardhi, atakuwa amelipia kitu kingine.

Kwa safari yenu, basi, ningechukua mbili: karatasi za 1:50,000 zilizoskaniwa vizuri kwa kusomea nchi, na ramani ya vekta, yaani iliyohifadhiwa kama mistari na majina badala ya picha, ya bure au ya kulipia, kwa kufuatia njia. Vekta huweza kutafuta majina na kupanga njia. Picha iliyoskaniwa haiwezi, na ukiikuza kupita kiasi inafifia. Ile ya kulipia si lazima mkifika Nguruman tu. Mkitaka kupanda, inunueni, kwa sababu Magadi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 600 na Loita ni zaidi ya mita 2,000, na kosa katika mpando huo ni ghali kuliko ramani. Hata hivyo, waulizeni wachungaji wa Nguruman hali ya njia baada ya mvua za mwisho, kwani hakuna ramani kati ya hizi itakayowaambia.

SWALI: Je, ramani ya simu itafanya kazi mahali pasipo na mtandao? (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Itafanya, iwapo mmeipakua mapema. GPS hupokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti na haihitaji mnara wa simu. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani yenyewe. Joto la Magadi ni adui mkubwa zaidi, kwa maana simu iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele huchemka na kujizima, basi iwekeni chini, penye upepo. Usiku wa kabla ya safari zima data na Wi-Fi, fungua ramani na ukuze hadi eneo unalokwenda. Ukiona miraba ya kijivu mahali pa kontua, hujamaliza kupakua.