Maswali na majibu: Zimamoto wanakuja kukagua gesti

Wenye gesti na wafanyakazi wa hoteli za Kigoma wameniuliza mengi kuhusu ukaguzi wa usalama. Najibu machache leo.

Nina gesti ya ghorofa pale Mwanga, vyumba 14. Zimamoto watakuja wiki ijayo. Nimeshaita fundi rangi. Nianze na nini kingine?

Fundi rangi asubiri, mama. Anza na njia za kutokea. Leo usiku zima taa zote, kisha toka chumba cha mwisho cha juu hadi nje bila tochi. Kila utakachojikwaa nacho, mkaguzi naye atakiona: magodoro ya akiba yaliyoegemezwa koridoni, kreti za soda chini ya ngazi, mlango wa nyuma wenye kofuli ambayo ufunguo wake anao mlinzi peke yake. Mgeni akiwa amelala ndani, mlango wa dharura lazima ufunguke bila ufunguo, tena kwa kusukumwa kuelekea nje. Najua unaogopa wezi. Funga komeo linalofunguka kwa mkono kutoka ndani, aliye nje hataliweza. Nondo za madirishani nazo, walau dirisha moja kwa kila chumba liwe na nondo zenye bawaba, zifunguke kwa ndani.

Mlango wa ngazi usizuiwe kwa tofali ubaki wazi. Mwaka 1980 hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas, Marekani, iliwaka moto ulioanzia kwenye mgahawa wa chini. Walikufa watu 85, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu, mbali na moto. Moshi uliwafuata kupitia ngazi na mashimo ya lifti. Kwa hiyo ving'amua moshi vya koridoni vinakuja kabla ya rangi, na betri zake zijaribiwe kila mwezi.

Shikamoo. Mimi ni mpishi. Bosi amenunua mitungi ya unga mkavu ya kuzimia moto. Jikoni tunakaanga migebuka kwa mawese kutwa nzima. Inatosha?

Marahaba, mwanangu. Haitoshi. Unga unaweza kuua mwali, lakini haupoozi mafuta. Mawese yaliyochemka kupita kiasi yanaweza kuwaka tena mara tu unga unapotulia, na msukumo wa mtungi ukielekezwa karibu mno unayarusha. Mwombe bosi blanketi la moto, litundikwe karibu na mlango wa jiko, si juu ya jiko lenyewe. Karai likiwaka: zima gesi, lifunike kwa blanketi au mfuniko, usiliguse mpaka lipoe. Maji kamwe! Maji huzama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na kuyatapanya mafuta yanayowaka hadi usoni kwako.

Mitungi ya gesi ya kupikia ikae nje, penye hewa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujaa penye bonde, ikisubiri cheche. Pitisha maji ya sabuni kwenye mpira na maungio yake. Yakitoa mapovu, panavuja.

Na ile mitungi ya unga isitupwe, ni mizuri kwa petroli na vitu vya kawaida. Itundikwe ukutani panapofikika, mshale wa geji uwe kwenye kijani, na kila mhudumu awe amewahi kuishika. Mhudumu wa zamu ya usiku ndiye wa kwanza kufundishwa.

Naweza kuazima mitungi kwa jirani siku ya ukaguzi tu?

Hapana. Mkaguzi akiondoka, wageni wako wanabaki na ukuta mtupu.

Jenereta letu liko stoo, karibu na vyumba vya nyuma. Kuna shida?

Kubwa, na usingoje ukaguzi kulihamisha. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na humuua mtu usingizini. Litoe nje kabisa, mbali na madirisha. Dumu la petroli lisikae chumba kimoja nalo, na usijaze tangi likiwa linaunguruma au lingali la moto.

Wageni wetu wengi wanatoka Burundi na Kongo. Mabango ya Kiswahili yanatosha?

Wengi wao Kiswahili wanakijua, lakini asiyekijua naye anataka kutoka. Tumia alama: mtu anayekimbia na mshale, rangi nyeupe kwenye kijani, ing'ae hata umeme ukikatika. Nyuma ya mlango wa kila chumba bandika mchoro wa njia ya kutokea na mahali pa kukusanyikia, kwa Kiswahili na Kifaransa. Leja ya wageni ichukuliwe mapokezi wakati wa kutoka, ndiyo itakayowaambia waokoaji nani hajaonekana.

Zimamoto wamekuja, sasa OSHA nao wanakuja. Si kitu kilekile?

Hapana. Zimamoto wanafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2007, wanaangalia moto na uokoaji. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wana sheria yao ya mwaka 2003: wanamtazama zaidi mfanyakazi wako, sanduku la huduma ya kwanza, nyaya anazozigusa, dawa za usafi anazozishika bila glavu. Tenga faili mbili.

Mkaguzi nimwandalie "chai"?

Mpe kiti, maji ya kunywa na mtu anayejua funguo zote. Fedha mkononi ni rushwa, kwako na kwake. Tozo halali hulipwa kwa kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali, nawe unabaki na risiti. Akikuta kasoro, omba akuandikie kila moja pamoja na muda wa kurekebisha, kisha mwite fundi umeme mwenye leseni aanze na zile za nyaya. Namba 114 ya Zimamoto ibandikwe mapokezi leo hii, kwa maandishi makubwa.